Jina Lililosubiri Kitabu cha Mwisho

Dada yangu alipojifungua mtoto wa kike, mimi ndiye niliyetumwa Nyahanga kumtunza mzazi. Nilikwenda na nguo zangu, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa aliyofunga mama, na vitabu vinne vya Kiingereza vyenye hadithi ya msichana aliyekufa akarudi shuleni kwao akiwa mzuka. Ni vitabu vya vijana, na mimi nina umri wa kuitwa mama mdogo, lakini anayetaka kunicheka na acheke. Nilisoma huku natafsiri, dada ananyonyesha, na mama mkwe wake anabangua karanga mlangoni, akijifanya hasikilizi.

Hasikilizi wapi! Nikinyamaza ninywe chai, anakohoa.

Yule mzuka alituteka. Alikuwa na ulimi mkali, haogopi walimu, na kila akitokea anawatetea wanyonge wa bwenini. Dada akatangaza kwamba mtoto atapewa jina la msichana huyo. Nikajua hapa pamewaka moto, maana upande wa mumewe ni Wasukuma wa Mhunze, na kwao mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Tena mtoto mwenyewe alikuwa analia kutwa nzima, na wao wanasema mtoto anayelia hivyo anadai jina. Mama mkwe alikuwa ameshamtajia mabibi wote aliowakumbuka. Mtoto analia tu.

Ajabu ni kwamba mama mkwe hakupinga. Aliuliza kama msichana huyo kweli amekufa, na kama kweli anarudirudi. Nikasema ndiyo. Akasema basi huyo ni wa ukoo wenu nyinyi, ana jambo lake, tumsikilize mpaka mwisho ndipo tumpe mtoto jina. Nilijaribu kumweleza kwamba ni hadithi, mtu amekaa chini akatunga. Akaniangalia kwa huruma, akaendelea na karanga zake. Ndivyo jina lilivyobaki likisubiri kitabu cha tano, cha mwisho, ambacho sikuwa nacho.

Shemeji alikuwa Geita, kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Akaagizwa akitafute Mwanza siku akienda. Kikaja kwa basi, kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari, na dada akakibusu kabla hata ya kukifungua.

Jamani, kile kitabu! Sijui mwandishi alichoka, sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Msichana wetu wa ulimi mkali alikaa pembeni akijiliza, na kijana ambaye hatukuwahi kumsikia ndiye akafanya kila kitu. Macho yake ya kijani tuliyasoma mpaka yakatuchosha. Rafiki wa msichana, tuliyempenda kuliko wote, akafa kwenye sentensi iliyokuwa inazungumzia hali ya hewa. Mwishoni mzuka akarudishiwa uhai kwa sharti kwamba asahau yote. Akakubali bila kuuliza hata swali moja, akaondoka na kijana wake. Njiani akapishana na mama yake mzazi, na hakumtambua.

Nilikirusha kitabu kikatua uani kwenye kuku. Nilidhani dada atacheka, maana hasira zangu humchekesha siku zote. Hakucheka. Alikuwa analia, na mtoto mapajani naye analia.

"Siwezi," alisema. "Siwezi kumpa mwanangu jina la mtu aliyemsahau mama yake."

Hata mimi niliumia. Mtoto muda wote ule alikuwa hana jina, majirani wanamwita mgeni, na yeye dada alikuwa ameshalizoea lile jina moyoni. Sasa tunarudi mwanzo, kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kumalizia kazi yake vizuri.

Mama mkwe akakung'uta maganda kwenye khanga, akaingia ndani, akamchukua mtoto. Usoni hakuwa na huzuni hata kidogo.

"Sasa nimeelewa kinachomliza," alisema. "Amemsahau mama yake. Amekuja kutafuta mwingine."

Akamwita mtoto kwa lile jina, akilitamka Kisukuma, likatoka zuri kuliko lilivyoandikwa. Nisiwadanganye, mtoto hakunyamaza. Alinyamaza dada alipojifuta machozi, akanyoosha mikono ampokee, akamwita kwa jina hilo yeye mwenyewe.