Mwaka Aliosamehewa Rosa

Noela aliposikia kwamba Rosa angeweza kusamehewa masomo ya mwaka mzima chuoni, alisukuma kando kikombe chake cha chai.

Yeye alikuwa msimamizi wa maabara ya mradi wa utafiti wa mbu, Ifakara mjini. Stashahada yake aliisomea Morogoro, na ilimgharimu mwanawe. Alimwachisha Edna ziwa akiwa na miezi minane, akamwacha kwa bibi yake kule Mkula. Aliporudi, mtoto alimkimbia, akajificha nyuma ya bibi na kumwita bibi "mama". Miaka sita imepita, na hata leo Edna akijikwaa humlilia bibi.

Rosa je? Mama wa kijiji cha Michenga, kidato cha nne kisha basi. Miaka kumi na tisa alitega mbu mazizini na vyumbani mwa watu, akarudi kuwachambua, na akimaliza akafagia maabara. Sasa chuo kimoja kilikuwa kimetangaza kwamba mwenye ujuzi wa kazini apimwe, na anachokijua kihesabiwe kama masomo aliyosoma darasani. Kwanza ilitakiwa barua ya msimamizi wake.

"Noela mdogo wangu, niandikie vizuri," Rosa alimwambia, amemshika mkono.

"Nitakuandikia, dada Rosa."

Noela aliikalia barua hiyo siku tisa. Siku ya kumi akaandika: "Rosa ni mwaminifu, hachelewi kazini, na huiweka maabara katika hali ya usafi." Hapakuwa na neno la uongo hata moja. Akagonga muhuri.

Wiki mbili baadaye walikuja wakufunzi wawili kumpima. Mmoja, mwalimu Leodegar, aliisoma barua kwa sauti, kisha akamtazama Rosa juu ya miwani. "Mama, huyu aliyeandikwa hapa ni mfagizi."

Rosa alimgeukia Noela, akamtazama mpaka Noela akainamisha macho.

"Ni kweli nafagia," akajibu. "Lakini nileteeni mbu."

Wakamwekea sinia yenye mbu hamsini waliokufa. Rosa akaisogeza dirishani, akashika kibanio, akaanza kuwatenga: huyu wa malaria, huyu siye, huyu ameshanyonya damu, huyu dume. Hadubini hakuigusa. Alipomaliza, Leodegar akamwomba Noela ahakiki. Noela akainamia hadubini akiomba kimoyomoyo Rosa akosee, hata mbu mmoja tu. Arobaini na tisa wakapita. Kwa wa hamsini alishindwa kuificha furaha yake.

"Kwa huyu kakosea!"

"Tazama miguu ya nyuma," Rosa akasema. "Imejikunja, ikaficha weupe unaoonyesha kwamba siye wa malaria. Mgeuze."

Noela akamgeuza. Weupe ulikuwepo, na aliyeuona ni yeye peke yake, maana wakufunzi walikuwa wameinamia makaratasi yao. Akakawia. Mwishowe maneno yakamtoka kama jino linalong'olewa.

"Dada Rosa yuko sahihi."

Rosa akasamehewa mwaka wa kwanza.

Wageni walipoondoka, Noela alimfuata bombani alikokuwa akinawa mikono. "Dada, ile barua niliiandika kwa wivu."

"Najua. Nilitamani nikuchape na ufagio."

"Mimi nilimwacha mtoto mchanga ili nisome..."

"Na mimi malaria imenilaza mara kumi na moja kwa kazi hii," Rosa akamkata kauli. "Nani alinihesabia? Leo ndiyo kwanza wamehesabu."

Noela akalifunga bomba.

Rosa sasa yuko mwaka wa pili, na kemia inamtesa. Jumamosi huja kwa Noela na daftari. Noela humfundisha kwa ukali usio wa lazima, na Rosa akikosea swali, moyo wa Noela bado huruka kidogo kwa raha. Kisha humwelekeza upya, mpaka apate.