Kikapu Juu ya Mstari wa Majivu

Nakumbuka alasiri moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Nyaishozi, miguu myepesi na kichwa kigumu. Nyuma ya nyumba za walimu palikuwa na uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu. Leo ni shamba la maharage, ndiyo maana ukinikuta nimesimama pale bila jembe unadhani uzee umenipanda kichwani.

Kila mwaka, mavuno ya kahawa yakiisha, wanawake wenye ajira walishindana pale: walimu, wauguzi, mabibi shamba. Walitoka Nyakakika, walitoka hata Nyakatuntu kule, raketi wamezifunga kwenye vitenge. Bingwa alipewa mbuzi. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni, na refa hatukuwa naye. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye uliyesema ni ndani au nje. Tuliaminiana, basi.

Mwaka huo nilifika fainali na Kokugonza, muuguzi wa Nyakatuntu. Tulikuwa chanda na pete. Alibakiza pointi moja tu anishinde. Akapiga mpira, ukaangukia mstari wangu wa nyuma. Niliyaona majivu yakiruka kwa macho yangu haya. Mdomo ukasema, "Nje!"

"Umeona vizuri, Asteria?"

"Nimeona."

Hakubisha. Mwishowe nikashinda, na mbuzi yule, nakuambia kweli, nilimla bila hamu.

Jioni akaja Bibi Paskazia, mama mzee aliyekuwa akitufagilia uwanja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa kukaa.

"Alama ya mpira ipo kwenye majivu," alisema. "Nimeifunika kwa kikapu. Mimi simwambii mtu. Mwenzio yuko kwa shangazi yake hapo jirani mpaka kesho kutwa. Mchukue, mkafunue wawili. Ila wahi, mjukuu wangu. Mvua haimngojei mwenye aibu."

Kutoka mlangoni kwangu hadi uwanjani ni hatua mia. Sikwenda. Siku ya kwanza nilijiambia nina madaftari ya kusahihisha. Ya pili nikajiambia, kama ana neno si aje mwenyewe? Ya tatu Kokugonza akaondoka, na mvua za vuli zikaanza siku hiyohiyo. Nilipofunua kikapu nilikuta tope.

Mwaka uliofuata hakuja, na wenzake wa Nyakatuntu hawakuja. Waliokuja walibishania kila mpira. Mwaka wa tatu hakuna aliyechota majivu. Watu husema mashindano yalikufa kwa kukosa mipira. Mipira ilikuwepo, mwanangu. Niliyaua mimi, nikanyamaza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Mwaka jana ndipo nilipofunga safari hadi Nyakatuntu, nimebeba kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Nilimkuta Kokugonza barazani anamenya ndizi, kichwa cheupe kama changu. Hata sijakaa nikamwambia, "Ulikuwa ndani."

Kisu hakikusimama. "Najua, waitu, mwenzangu. Sikutaka mbuzi mimi. Zile siku kwa shangazi nilikuwa nasikiliza hodi yako."

Nililia, sikuficha. Akachukua buni moja ya kahawa, akaipasua, punje moja akatia kinywani mwake, ya pili akanipa mimi, kama walivyofanya wazee wetu walipofunga urafiki.

Sasa, nimesikia kwamba wewe na rafiki yako mnapishana njiani bila salamu. Sikuulizi nani kakosa. Unajua mwenyewe ulichokiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wenyewe ulinishinda. Ukikosa, nenda ukaseme alama ingali ipo. Usingoje akufuate, na usingoje uwe na maneno mazuri. Mimi nilikuwa na mawili tu, nikayabeba tangu ujana hadi uzee.

Mungu akupe miguu ya kuzimaliza hatua mia hizo leo hii, mwanangu, na akukutanishe na mtu ambaye bado anasikiliza hodi yako.