Waya Mbili za Wilfred Sugden

Jirani yangu Wilfred Sugden alikagua tiketi za treni mpaka akastaafu, kisha akahamishia ukaguzi nyumbani. Kituo chake kipya kilikuwa kile kidude cha ukutani, pale mlangoni, kinachoiamuru boila, ule mtambo wa kuipasha nyumba joto, iwake au izime. Hapa Keighley, kaskazini mwa Uingereza, upepo wa Januari hushuka milimani bila adabu, lakini kidude cha Wilfred kilikaa kwenye nyuzi kumi na tano. Mkewe Beryl akikisogelea tu, mzee anakohoa.

"Vaa sweta nyingine."

"Nimevaa tatu. Ya nne niivae kichwani?"

"Baridi haijaua mtu kwenye ukoo wetu."

"Mama yako aliuawa na nini? Furaha?"

Nyumba zetu zinachangia ukuta mmoja, mwembamba kama toba ya mlevi. Kwa hiyo mimi sisikilizi ya watu, yananifikia tu.

Krismasi moja binti yao Joanne, kwa kumwonea mama yake huruma, aliwaletea kidhibiti joto kisichotumia waya. Kisanduku kimoja hufungwa karibu na boila. Cha pili, kidogo cha kutosha kiganjani, unakiweka chumba unachotaka. Kinapima joto la hapo na kumpelekea mwenzake habari hewani.

"Baba, nimeshamwita fundi."

"Fundi wa nini? Mwambie asijisumbue. Ni waya mbili tu!"

Akaingia kazini. Alizima umeme kwenye swichi kuu. Haki yake tumpe, alitaka kuishi. Akafunga kisanduku kando ya boila na kuunganisha waya zake vizuri kabisa. Kisha akang'oa kidude cha zamani pale mlangoni, na waya zake mbili zikabaki zinaning'inia. Hizo akazisokota pamoja, akazifunga utepe, akasukumia tunduni na kupiga plasta juu.

"Kijitabu kinasema hizo zitolewe kabisa, mpaka kule kwenye boila," alisema Beryl, miwani puani.

"Kijitabu ni cha wasiojua kazi."

"Haya, bwana mjuzi." Akakifunga kijitabu na kukitia kwenye droo ya vijiko.

Sasa, kazi yote ya kidude cha zamani ilikuwa kuzigusanisha waya hizo mbili pale boila inapotakiwa iwake, na kuziachanisha inapotosha. Bingwa wetu alikuwa amezigusanisha za kudumu.

Akarudisha umeme. Boila ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Usiku ule paka wangu, ambaye hajawahi kuwapenda akina Sugden, alilala amebandika mgongo kwenye ukuta wao. Asubuhi theluji inaanguka, madirisha yao yote wazi, na Wilfred yuko kizingitini na fulana ya ndani, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Kuna joto, Wilfred?"

"Mtambo unajifunza tabia zetu," alinijibu. "Ni wa kisasa."

Jumapili Joanne akaja kula. Alimkuta mama yake amevaa gauni la mikono wazi, lile la likizo ya Uhispania, anakata nyama ya kuoka huku anaimba. Siagi ilikuwa imegeuka mchuzi. Joanne akashusha kidhibiti mpaka nyuzi tano. Boila ikaendelea kunguruma.

"Baba, hii haizimi!"

"Ipe muda."

"Mama, na wewe umenyamaza tu?"

"Mimi ni nani mwanangu? Mimi sijui kazi," Beryl alisema. "Ongeza viazi."

Wilfred alivumilia mpaka jasho lilipodondokea kwenye sahani yake. Akainuka, akafungua droo ya vijiko, akakisoma kijitabu. Kisha akazima umeme, akabomoa plasta yake mwenyewe na kuzing'oa zile waya mpaka mwisho wake. Alipowasha tena, boila ikatii. Hakuna aliyempongeza.

Ungedhani amekoma. Wiki ile ile Beryl aliweka kile kisanduku kidogo kando ya kiti chake, kwenye nyuzi ishirini na moja, akaja kwangu kunywa chai. Wilfred akawaza: kikidhani kuna joto, kitaizima boila. Akakitia ndani ya sweta, kwapani, akajilaza kwenye kochi. Hila nzuri sana. Usingizi ukamchukua, kidude kikapata joto la kwapa na kuizima boila, nyumba ikapoa kama jokofu la bucha.

Tulisikia meno yanagongana kabla hatujasikia sauti.

"Beryl! Beryl, mke wangu! Njoo uniwashie!"

Beryl akamalizia chai yake kwanza. "Mwambie avae sweta," aliniambia, lakini alikuwa ameshainuka. Nikasikia akimfunika blanketi, akimnyang'anya kile kidude na kumwita mpumbavu kwa sauti ya upole. Boila ikanguruma.

Tangu siku hiyo kinakaa mfukoni mwa koti la Beryl akitoka, na kando ya kiti chake akirudi. Wilfred anasema alikuwa amemwachia tangu zamani.