Landrova ya Makote na Kigari cha Mwalimu

Ladislaus alikuwa fundi magari Newala tangu kichwa chake hakijaota mvi, na magari aliyajua kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Valvu ya tatu." Na kweli, ilikuwa ya tatu. Landrova ya Mzee Alfredi wa Makote, iliyobeba korosho, maharusi na majeneza kwa zaidi ya miaka thelathini, ilikuwa mgonjwa wake wa nyumbani. Tangi likivuja aliliziba kwa sabuni ya mche. Gasketi ikikatika alikata nyingine kwenye boksi.

Mwaka juzi Mwalimu Elineema, mama wa Kipare aliyehamishiwa Newala, akamletea kigari chake kidogo, cheupe kama yai.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, mwalimu. Kinasumbua nini?"

"Kimewasha taa ya njano kwenye dashibodi, na nguvu hakina. Mlima wa kutoka Masasi kimeupanda kwa kutambaa."

Ladislaus akafungua boneti. Injini hakuiona; aliona mfuniko mweusi wa plastiki. Kwenye Landrova mtu aliingiza mkono hadi kiwikoni akashika anachotaka. Hapa hata kidole hakikupata njia. Akasikiliza kwa bisibisi yake. Kigari kikanguruma taratibu, sauti moja tu, kama mtu anayekuficha jambo. Alihangaika nacho siku mbili, akafungua plagi, akasafisha, akafunga. Taa haikuzimika.

Siku ya tatu mwalimu akamwita Mudathiri, fundi wa Masasi. Akaja na kifaa mfano wa simu, akakichomeka chini ya usukani, akasoma.

"Sensa ya hewa," akasema. Akaibadilisha, na chai aliyokaribishwa ilikuwa haijapoa.

"Usijali, Baba Rose," mwalimu alimwambia kwa upole. "Kila fundi na gari lake."

Upole ule ndio uliomchoma. Vigari vya namna ile vikazidi kuongezeka mjini, vyote vikiipita gereji yake bila kusimama. Ikabaki Landrova ile moja. Kisha Mzee Alfredi akafariki, na watoto wake walioko Dar es Salaam wakaiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Mnunuzi akamfuata Ladislaus. "Nataka ifunguliwe vipande vipande. Usipotaka, nina watu wataikata kwa gesi."

"Nitaifungua mimi," akasema.

Alidhani ingemchukua siku tatu. Lakini kila nati aliyoipaka grisi mwaka hadi mwaka iliitika spana mara moja, bila ubishi. Adhuhuri haijafika, Landrova ilikuwa rundo. Laiti angekuwa fundi mzembe, ingemgomea japo kidogo.

Mkewe, Josephina, alishangaa kumwona nyumbani jua lingali kali.

"Mbona umemaliza mapema hivyo?"

"Ilikuwa imetunzwa," akajibu, akaketi mlangoni na mikono yake michafu, asiombe maji ya kunawa.

Gereji sasa imepangishwa kwa muuza vocha. Ladislaus anapalilia mikorosho ya shemeji yake, mistari miwili mitatu kwa siku, kwa kuwa magoti hayamruhusu zaidi.