Mwale Uliorudi Nyuma

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake, Mwanne alikaa mezani nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Ipagala, akizungusha yai la kuchemsha badala ya kulila.

"Chakula hakichezewi," Mama Asma alisema. "Au ndicho unachosomea miaka yote hii?"

"Ndicho, mama."

Wala hakutania. Viini vya atomi alivyovichunguza havikuwa duara kama chungwa. Vilirefuka kama yai, vikazunguka. Kiini kilipopunguza kasi kilitoa nishati kama mwale wa gama, kisha mwingine, kama mtu anayeshuka ngazi. Kwa kawaida miale ya juu ya ngazi, penye kasi, ndiyo yenye nishati kubwa. Kwa hiyo Mwanne aliipanga kwa nishati, mdogo mbele mkubwa nyuma, kama watoto wa shule mstarini. Grafu ilinyooka hata msimamizi wake, Dakta Bartolomayo, akaisifu mbele ya idara nzima.

Ila tangu jana mwale mmoja ulimnyima raha. Nishati yake ilikuwa ya kati, naye aliuweka katikati. Lakini ulikuwa hafifu mno. Daraja la katikati hupitwa na viini vingi vinavyoshuka. Kwa nini mwale wake uonekane kwa shida? Miale hafifu ni ya juu kabisa, vinakoanzia viini vichache. Alipouhamishia juu, grafu ilipanda, ikajikunja, ikarudi nyuma. Huko kwenye kasi kubwa kitu kilibadilika ndani ya kiini, pengine umbo lenyewe.

Akinyamaza, huenda watahini wasigundue. Akisema, atakuwa ameibomoa sura nzima ya tasnifu kwa mkono wake. Na akifeli, mkataba wake wa kufundisha chuoni unaishia hapo.

Yai lilisimama. Hakulila.

Alimkuta Dakta Bartolomayo mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona kama unakwenda msibani?"

Akamwonyesha grafu mpya. Mzee aliisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali.

"Mwanne! Wageni wamefika, wewe unaezua paa?"

"Paa lilikuwa limepinda, mwalimu. Mimi ndiye niliyelinyoosha kwa nguvu."

Dakta Bartolomayo akamrudishia grafu. "Mtahini wa nje, Profesa Devota, anaweza kuuona mwale huu," alisema. "Basi heri ausikie kwako kwanza."

Profesa Devota alikuwa keshaketi. Mwanne alisimama mbele.

"Kabla sijaanza, naomba radhi. Grafu iliyo kwenye nakala zenu nimeipanga vibaya. Nilifuata nishati, nikasahau kuangalia uhafifu wa mwale."

Profesa Devota aligeuza kurasa, akafika kwenye ile grafu. Mwale ule ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu.

"Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea," alisema bila kutabasamu. "Haya, tueleze. Kiini kimebadilika kikawa na umbo gani?"

Mwanne akashika ukingo wa meza, akaanza kujibu.