Ami Thani na Wanawake Watatu wa Shaba

Ami yangu Thani alikuwa fundi wa fremu Sib, mji wa pwani karibu na Maskati, na hodari wa kuogopa watu. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati kijana, na tangu siku hiyo akaishi kama mgeni anayengoja kufukuzwa. Fremu zake zilikuwa za aya za Kurani na picha za maharusi. Hakutaka maneno.

Mwaka 1998 Bi Khawla, mwalimu mjane, alimletea karatasi kongwe ambayo marehemu mumewe aliinunua Italia alipokuwa akisoma. Ilichapwa kwa bamba la shaba karne nne nyuma: wanawake watatu, ndio fadhila za Wakristo. Imani kashika msalaba, Tumaini nanga, na Upendo, kifua wazi, ananyonyesha mtoto. Bi Khawla alisema katika vitu vyote vya mumewe, hana anachokipenda kama hicho.

Ami alikuwa ameshapaka gundi kadibodi ya mteja mwengine, na picha kaishika mkononi akiipima, pale Musallam, imamu wa msikiti wa jirani, aliposukuma mlango kumpitia kwa sala ya alasiri. Na kile kifua kiko nje! Ami aliipindua picha mezani chapuchapu, wakaenda. Sijui alisali nini. Aliporudi aliikuta imelala juu ya gundi. Alipoivuta, kifua cha Upendo kilibaki kwenye kadibodi, pamoja na mtoto.

Siku mbili hakula. Jina la fundi likiharibika Sib, limeharibika hadi Sidab, upande wa pili wa Maskati. Mwisho alikata kadibodi yenye madirisha matatu, zionekane nyuso tu, akaifunga ndani ya kioo. Mficha uchi hazai, tunasema sisi. Ami yeye akaficha mpaka uchi wa picha.

Bi Khawla alikuja, akaitazama, akauliza mtoto yuko wapi.

"Nimewastiri, mwalimu," alisema ami. "Nyumbani kwako wanaingia watu."

"Fungua nimwone."

Misumari ilimshinda. Bi Khawla mwenyewe akaimalizia. Akaliona tundu. Alipitisha kidole ukingoni mwake.

"Marehemu alifiwa na mamake hajatimiza siku arubaini," alisema. "Picha hii aliinunua kwa ajili ya huyu anayenyonyesha. Wewe ukamwonea haya?"

Ami aliokota misumari mezani. Maisha yake yote aliwaogopa watu asiowakosea. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwogopa aliyemkosea.