Herufi ya Kwanza ya Ngusa

Kabula alikuwa mtoto wa mwisho wa mzee Manyanda, Msukuma aliyehamia kijiji cha Litapunga na ng'ombe wake zamani, watoto wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Katika kaya ile shule ya msichana halikuwa jambo la kupigania, na aliyempigania alikuwa kaka yake, Ngusa. Mzee alipotaka Kabula abaki nyumbani, Ngusa alisema, "Zamu zake za kuchunga nitazibeba mimi. Mwacheni asome." Akazibeba kweli, jua na mvua, mpaka Kabula akarudi kutoka Mbeya na stashahada ya kompyuta na kupata kazi kwenye kituo kidogo cha redio mjini Mpanda, pale Kashaulili.

Msimu mmoja wa masika maksai wawili wa kulimia walipotea. Ngusa akatoka kwenda kuwatafuta, asirudi. Mtu mmoja akaapa kwamba amemwona barabara ya Inyonga, basi ukoo mzima ukamiminika huko. Wakauliza polisi, wakauliza zahanati, wakashuka hadi kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuna. Mzee Manyanda alikufa akiwa bado anauliza. Mama yao, Nyanzala, akakataa katakata mwanawe asiwekewe matanga. Akisikia kuna mtu kaokotwa mahali, hata kama ni mbali vipi, anafunga kanga anakwenda, na kila akirudi amekonda zaidi.

Kabula alimchukua mama akae naye kwenye chumba alichopanga mtaa wa Nsemulwa, Mpanda. Jioni akiingia, mama anamtazama tu. Swali la kama Ngusa amepatikana lilikuwa halisemwi tena, na hilo lilimchoma Kabula kuliko kama lingesemwa.

Redio ile ilisifika kwa matangazo yake: waliopotea, waliookotwa, wagonjwa wasio na ndugu, ng'ombe waliozurura, misiba. Wasikilizaji walituma ujumbe, mtu wa ofisini akauchapa kama ulivyokuja au kama alivyousikia. Miaka mingi ya matangazo hayo ilikuwa imelundikana, na meneja, bwana Obadia, ndiye aliyemwagiza Kabula ayatie yote kwenye programu ya simu, ili mtu ajitafutie ndugu yake mwenyewe.

Kabula akaitengeneza, lakini sehemu ya kutafutia ilikuwa dhaifu. Ukiandika jina, programu inapita tangazo moja baada ya jingine kuanzia mwanzo, na inataka kila herufi iwe ileile. Kwa mtandao wa Katavi, kiduara kilizunguka mpaka mtu akakata tamaa.

"Watu wanatutukana, Kabula," Obadia alimwambia. "Nyie wa kompyuta mliniahidi mambo. Hii ikiendelea hivi, naifunga."

Kabula alirudi mezani kwake. Angemwambiaje kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeifungua kila asubuhi kabla hajavua hata koti? Alishaanza kusoma matangazo yale kwa macho, moja moja, yakamshinda. Programu ikifungwa, atamtafuta Ngusa wapi tena?

Akageukia programu huria, zile ambazo watu wa dunia nzima huzitengeneza pamoja na kuziacha wazi kwa yeyote. Akapata injini ya kutafutia iliyosifiwa kwa wepesi, na tena inayosamehe makosa ya tahajia. Kuiweka kukawa kazi. Umeme ulikatika katikati ya kupakia matangazo, akaanza upya. Kompyuta ya ofisi ikalemewa, ikazima yenyewe, akaanza upya tena. Akajifunza kuyagawa matangazo mafungu madogo, na kuielekeza injini iweke majina ya watu mbele ya maneno mengine, maana mwanzoni mtu akitafuta ndugu aliletewa ng'ombe. Hatimaye ikafanya kazi. Unaandika herufi tatu tu, majina yameshajipanga. Obadia akapiga makofi, akaita ofisi nzima ije kuona.

Kabula alisubiri wenzake waende kula. Akaandika: Ngusa.

Wakaja akina Ngusa wengi. Ngussa, Nguza, Ngusa wa huku, Ngusa wa kule. Akawapigia simu mmoja baada ya mwingine. Huyu ni kikongwe. Huyu ni mtoto, alishapatikana. Huyu ndugu zake walishamchukua, na waliopokea simu wakamuuliza kwa ukali anataka nini. Alipomaliza wa mwisho aliweka kichwa juu ya meza. Zamani angalau aliweza kujiambia kwamba yumo humo ila programu ni mbovu. Sasa programu ilikuwa nzima. Akaona kwamba hana mahali pengine pa kutafuta, na kwamba ni yeye atakayepaswa kumwambia mama.

Hakumwambia. Siku zikapita akiingia nyumbani na kukwepa macho yake.

Kisha ukatokea ugomvi ofisini. Familia moja ilipiga simu kwa hasira: marehemu wao alikuwa Ngassa, na redio imemtangaza Mgasa, wazee wanauliza ni nani huyo aliyekufa. Kabula akaangalia. Kweli, aliyechapa alisikia "Ng" akaandika "Mg". Akaandika Ngassa kwenye programu. Tangazo halikuja. Akajaribu tena. Halikuja.

Basi hata Ngusa angeweza kuwa amefichika hivyohivyo. Akafungua maelezo ya injini, akasoma upya alichokuwa amekiruka: jina fupi husamehewa kosa moja tu, na kosa la herufi ya kwanza huhesabiwa kuwa mawili. Akalegeza kanuni ile, majina mafupi nayo yasamehewe makosa mawili. Takataka nyingi zitaingia, alijua. Na ziingie. Akaandika jina la kaka yake, akaanza kushuka taratibu katikati ya vurugu ya majina yasiyohusika, mpaka akafika hapa:

*Mtu mzima mgonjwa yuko kwetu, karibu na Mto Kavuu. Homa imempanda, hasemi vizuri. Anajiita Mgusa, anasema anatafuta maksai. Mke wake anaitwa Mayu, anamwita sana. Anayemfahamu apige simu kwa Telesphor.*

Kabula alilisoma jina la mke, akaziba mdomo kwa kiganja. Lilikuwa tangazo la masika yaleyale aliyopotea Ngusa. Akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naulizia mgonjwa mliyemtangaza redioni zamani. Mgusa."

Mzee Telesphor akauliza polepole, "Wewe ndiye Mayu?"

"Hapana, baba. Mimi ni mdogo wake. Mayu siyo mke. Kwetu, mayu ni mama."

"Aa," mzee aliguna kama aliyepigwa. "Alikuwa anamwita mama yake. Na sisi tukamtafuta mke. Mwanangu, mbona hamkuja? Tulitangaza, tukarudia. Tumemzika hapa kwetu, pamoja na watu wetu. Dini yake hatukuijua, katekista akamwombea hivyohivyo."

Nyanzala alipoambiwa hakulia. Alisimama, akafunga kanga, akauliza, "Tunaondoka saa hizi?" Wakaenda, wakavuka mbuga hadi Mpimbwe, kwa akina Telesphor.

Mke wa Telesphor, Josefina, aliwapokea na kuwapeleka kaburini, pembeni ya shamba la mpunga. Kulikuwa na msalaba wa mti ulioliwa na mchwa. Nyanzala hakuwa msemaji wa Kiswahili, kwa hiyo aliuliza kwa Kisukuma, na Kabula akatafsiri.

"Mama anauliza, alikuwa anakula?"

"Uji wa mchele. Nilimnywesha kwa kijiko."

"Anauliza, aliumia?"

Josefina alitazama chini. "Sitawadanganya. Aliteseka. Zahanati walisema apelekwe hospitali kubwa, lakini mto ulikuwa umefunga njia, na hatukuwa na jinsi. Alilia mpaka sauti ikakauka."

Kabula akamgeukia mama, akasema kwa Kisukuma, "Anasema homa ilimlaza usingizi, hakusikia kitu."

"Usinifiche," Nyanzala alisema. "Kuongea ndiko kunanishinda. Kusikia nasikia."

Akashuka magotini, kisha akalala kifudifudi juu ya udongo, na kilio alichokikataa miaka yote hiyo kikatoka. Watu waliokuwa shambani waliacha kazi wakaja wakasimama kimya. Kabula alitaka kumwinua. Josefina akamshika mkono. "Mwache, dada. Mwache."

Nyanzala alikataa kurudi Mpanda. Alibaki kwa Josefina mpaka mpunga ukavunwa, akipalilia kaburi asubuhi na kukaa pale mpaka jua liwe kali.

Kabula alirudi kazini. Obadia alikuwa ameshatangaza hewani kwamba programu yao imempata mtu aliyepotea, na simu zilimiminika: mama wa Inyonga, mzee wa Karema, wote wanataka kutafutiwa wao. Kabula alipokea, akaandika majina, akajaribu herufi hii na ile. Wengine walimsifu, wakamwita mkombozi. Sifa zile alizisikia kama maneno yanayosemwa nyumba ya jirani. Alikuwa akifikiria tangazo lile lilivyosomwa hewani, likarudiwa, Ngusa akiwa bado hai, huku wao wote wakiwa barabara ya Inyonga wanamwita.